Nani Alipewa Sauti? Mrima Wetu katika Filamu za Herbert Selpin

Mwaka 1934, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, kampuni ya Terra ya Ujerumani ilitoa filamu iitwayo Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani Wapanda Farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilikuwa miongoni mwa filamu za miaka ya mwanzo ya sauti, pale sinema ilipokuwa imetoka tu katika ububu wake wa miongo mitatu. Mwongozaji wake alikuwa Herbert Selpin, Mberlin aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Hadithi yake ilitokana na riwaya ya Marie Luise Droop, na riwaya hiyo ya Kijerumani, kwa wasomaji wa Kijerumani, ilikuwa na jina la Kiswahili: Kwa Heri.

Naandika kuhusu filamu hiyo kwa sababu ya jambo ninalolisikia kila mwaka madarasani na maofisini. Tukifika kwenye kipindi cha Wajerumani, hakosekani msomi wa kusema kwamba Mjerumani alikuwa mkali lakini mwenye nidhamu, kwamba majengo yake yamesimama hadi leo, na kwamba askari wake Waafrika walimpenda hata wakamfuata mpaka siku ya mwisho ya vita. Ukimuuliza ameyapata wapi, hana jibu. Ni maneno yaliyo hewani. Lakini maneno hayazaliwi hewani. Sehemu ya picha hiyo ilitengenezwa kwa makusudi, katika miaka inayojulikana, na watu wanaojulikana, na sinema ilikuwa mojawapo ya viwanda vyake.

Hoja yangu ni moja. Filamu ilipopata sauti, swali la nani atasema na nani atanyamaza likawa swali la kisiasa. Katika filamu mbili za Selpin zinazoihusu nchi yetu, ile ya 1934 na nyingine ya 1941, Kiswahili kilitumika kama kiungo cha kunogesha mchuzi, na Mswahili akawekwa nyuma ya pazia. Na mmoja wa Waswahili hao alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye maisha yake yanaikanusha filamu yote.

Mrima kabla ya kamera

Tuanze na mahali penyewe. Mrima ni ukanda wa pwani unaotazamana na Unguja: Bagamoyo, Winde, Saadani, Pangani. Novemba 1884 Carl Peters na wenzake wachache walivuka kutoka Unguja wakashukia Saadani, wakiwa wamesafiri kwa majina ya bandia. Katika majuma machache walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za misalaba kwenye karatasi za Kijerumani ambazo waliotia alama hawakuweza kuzisoma. Mangungo wa Msovero, Usagara, ndiye anayetajwa zaidi katika vitabu vyetu vya shule. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm I akatia saini hati ya ulinzi, na nchi ikawa imetwaliwa kwenye karatasi kabla haijatwaliwa kwa bunduki.

Bunduki zilifuata. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kushika forodha na utawala wa miji ya pwani, Mrima uliwaka. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza upinzani Pangani na Bagamoyo. Bwana Heri aliongoza Saadani. Berlin ikamtuma Hermann Wissmann, naye akaja Bagamoyo mwaka 1889 na jeshi la kukodi, wengi wao Wasudani waliosajiliwa Misri, pamoja na watu waliotoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri akasalimu amri mwaka uliofuata. Bagamoyo ikawa makao makuu ya utawala hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam.

Vita hivyo viliandikwa kwa Kiswahili mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia utenzi, ambao leo tunaufahamu kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Ndani yake watu wa pwani wanashauriana, wanabishana, wanaogopa, wanajigamba, wanakosea. Wana midomo. Naomba msomaji alikumbuke hilo tukiingia studio ya Berlin.

Shamba, marafiki wawili na vita

Filamu ya 1934 inaanza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Peter Hellhoff ni mlowezi wa Kijerumani mwenye shamba. Jirani na rafiki yake ni Mwingereza aitwaye Cresswell. Vita inazuka Agosti 1914, na marafiki wanajikuta katika majeshi mawili yanayowindana porini. Mke wa Hellhoff, Gerda, yuko katikati ya shamba na vita, ya mume na ya rafiki aliyegeuka adui. Huo ndio mvutano unaoisukuma hadithi: urafiki na wajibu, penzi na bendera.

Kwa kipimo cha ufundi wa wakati ule, hii ni tamthilia iliyosukwa vizuri, na ni haki kusema hivyo. Selpin alijifunza kazi katika zama za filamu bubu; mwaka 1926 alikuwa miongoni mwa wasaidizi katika Faust ya F. W. Murnau, mmoja wa waongozaji wakubwa wa karne hiyo. Kutoka shule hiyo wengi walitoka na imani kwamba picha lazima ieleze kabla mdomo haujafunguka. Sauti ilipokuja, mikrofoni zilihitaji ukimya na studio, na waongozaji wengi wakageuza filamu kuwa mchezo wa jukwaani, watu wamesimama wakizungumza. Selpin alikuwa miongoni mwa waliotaka filamu iendelee kutembea. Alipenda hadithi za mwendo, za wanaume walio mbali na kwao, za hatari na za kuamua haraka.

Ukizitazama filamu zake kwa mfululizo, unaona tabia tatu zinazojirudia. Ya kwanza ni kwamba ugenini kwake ni jukwaa. Leo ni Afrika Mashariki. Mwaka 1938, katika Sergeant Berry, ni Marekani na mpaka wa Mexico. Mwaka 1939, katika Wasser für Canitoga, ni Kanada. Mwishoni ni bahari ya Atlantiki katika Titanic. Mandhari hubadilika, lakini kazi yake haibadiliki: kumpa shujaa mahali pa kuonyesha uthabiti wake. Wenyeji wa mahali hapo ni sehemu ya mandhari, kama miti na vumbi.

Ya pili ni kwamba ugomvi wenye uzito ni wa ndani ya kabila la shujaa. Katika filamu ya 1934, Mjerumani na Mwingereza wanapewa dhamiri, kusitasita na huzuni. Mtazamaji anaumia kwa sababu wanaume wawili wema wanalazimishwa kuuana. Hakuna anayeulizwa kwa nini wanauana katika nchi ya watu wengine, wala hao wengine wanasemaje.

Ya tatu inahusu sauti. Maneno marefu, yale yanayobeba wazo, ni ya wenye shamba. Mwafrika anapewa itikio na amri ya kupokea. Yuko ndani ya fremu mara nyingi, lakini hayuko ndani ya mazungumzo. Na hapo ndipo jina la riwaya linapopata maana yake. Kwa heri ni neno la adabu tunalolitumia kila siku. Droop alilichukua likawa kilio cha Wajerumani wanaoaga koloni walilopoteza. Wakati filamu inatoka, Ujerumani ilikuwa ikiadhimisha miaka 50 tangu ianze kutwaa makoloni, na vyama vya kudai makoloni yarudishwe vilikuwa na nguvu. Anayeaga kwa lugha ya mwenye nyumba anataka ionekane kwamba nyumba ilikuwa yake.

Farasi na mabega

Jina la filamu nalo linahitaji kupekuliwa. Wapanda farasi! Ni kweli kwamba Wajerumani walikuwa na vikosi vichache vya farasi, hasa kaskazini. Lakini vita vya Paul von Lettow-Vorbeck vilikuwa vita vya miguu. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, magari yalikwama, reli zilikuwa mbili, na mizigo ya majeshi yote ikapanda mabegani mwa wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao, wa upande wa Wajerumani na wa Waingereza, walikufa kwa njaa, kuhara, homa na uchovu. Vijiji viliporwa chakula na wanaume wao. Kumbukumbu kubwa ya wapagazi hao iliyobaki kinywani mwetu ni jina la Kariakoo, lililotokana na neno la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi. Tunalitamka kila siku tukiwa tunakwenda kununua vitambaa na simu, pasipo kuwakumbuka.

Filamu iliyochagua kuiita vita hiyo vita ya wapanda farasi imekwisha kumwondoa mpagazi kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Kuchagua nani aonekane juu ya farasi na nani asionekane chini ya mzigo ni sehemu ya mtindo wa mwongozaji, sawa na anavyochagua mahali pa kuweka kamera.

Kijana wa Dar es Salaam

Katika orodha ya waigizaji wa filamu hiyo yumo Mohamed Husen, aliyecheza nafasi ndogo ya mwanafunzi wa ishara za kijeshi. Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, mtoto wa askari Msudani wa jeshi la Kijerumani, yaani mtoto wa jamii ile iliyoletwa kupitia Bagamoyo wakati wa vita vya Abushiri. Ujerumani alijulikana zaidi kama Bayume Mohamed Husen.

Vita ilipozuka mwaka 1914 alikuwa na miaka kumi. Aliingia jeshini pamoja na baba yake, akiwa mwanafunzi wa ishara. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, kisha akawa mateka wa Waingereza. Kwa hiyo mwaka 1934 Selpin alikuwa na mtu studioni aliyeijua vita hiyo kwa damu yake mwenyewe, kuliko Droop na kuliko yeye mwongozaji. Akapewa nafasi ya kuigiza kivuli cha utoto wake katika hadithi ya huzuni za watu wengine.

Ni nini kilichompeleka Berlin? Hapa ndipo ile hadithi ya askari mwaminifu inapovunjika. Husen alifanya kazi melini, na mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba dai lake limechelewa. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanalijua jibu hilo. Ni jibu la ofisi zote za dunia pale deni linapokuwa la kweli na mdai akiwa mnyonge: muda umepita.

Hakurudi. Alifanya kazi ya mhudumu katika jumba kubwa la starehe la Haus Vaterland, na akawa msaidizi wa lugha akifundisha Kiswahili katika chuo cha Berlin, kwa ujira mdogo. Januari 1933, siku chache tu kabla Hitler hajashika madaraka, alimwoa Maria Schwandner, Mjerumani. Aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa vita, akanyimwa. Alifukuzwa kazi ya uhudumu. Kadiri milango ilivyofungwa, filamu zikazidi kuwa riziki yake: kati ya 1934 na 1941 alionekana katika filamu zisizopungua 20, akiwa mhudumu, mtumishi, mbeba mizigo, mwongoza njia. Dola ileile iliyosema hana haki ya nishani ilimhitaji kwenye skrini avae sare ileile ya askari na atabasamu.

Wapo wanaomtazama Husen kwa jicho la lawama. Wanasema alitumikia wakoloni, akafundisha lugha yao ya kutawalia, akaigiza propaganda yao. Sitaki kumsafisha. Mwaka 1939 alijaribu hata kujiunga na jeshi la Hitler, akakataliwa. Lakini mtu anayedai mshahara wake miaka kumi na zaidi baada ya vita ana sifa ambayo filamu ilikataa kumpa: alikuwa na hesabu zake. Askari wa filamu hana hesabu. Anatumikia kwa mapenzi, anakufa kwa mapenzi, wala hadai. Uaminifu wa kwenye skrini ulikuwa njia ya kufuta deni.

Mtu wa Bagamoyo katika chuo kilekile

Husen hakuwa Mswahili wa kwanza kufundisha Berlin. Miaka thelathini kabla yake, mwaka 1900, alifika kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki ya mji huo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Kazi inayobeba jina lake, Desturi za Wasuaheli, ilichapishwa mwaka 1903 chini ya usimamizi wa Carl Velten, na hadi leo hakuna anayeandika juu ya maisha ya Mrima wa karne ya 19 bila kumgusa. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Alipojaribu kurejea nyumbani na mkewe mwaka 1905, wakuu wa koloni hawakuruhusu mke na mume hao waishi nchini, wakarudishwa Ulaya. Alifariki Ujerumani mwaka 1927.

Nawaweka watu hawa wawili pamoja kwa sababu kati yao tunaona njia iliyochukuliwa na sauti ya Mswahili. Mtoro, pamoja na vizuizi vyote, aliacha sentensi zake mwenyewe. Alieleza harusi, ngoma, deni, jirani, bahari, kwa Kiswahili cha kwao, na tunaweza kumsoma. Husen alikuwa na bahati mbaya ya kufika wakati chombo kipya chenye nguvu zaidi, filamu yenye sauti, kilikuwa mikononi mwa watu wasiotaka sentensi zake. Walitaka uso wake. Kitabu kilimwachia Mswahili ukurasa. Sinema ilimwachia pembe ya fremu.

Wala Waingereza hawakuwa tofauti sana. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham waliendesha jaribio la filamu za kuelimisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35, sauti ikichezwa kwenye sahani za santuri, Kiswahili kikiwamo miongoni mwa lugha. Hapo Kiswahili kilisikika kweli. Lakini kilisema yale ambayo serikali ilitaka wananchi wayasikie: minyoo, kodi, akiba ya posta. Huko Berlin Mswahili alinyamazishwa. Huku Usambara alisemeshwa.

Saadani inarudi, 1941

Miaka saba baadaye Selpin alirudi kwenye nchi yetu kwa filamu kubwa zaidi, Carl Peters, iliyotolewa Machi 1941. Sasa alikuwa na nyota mkubwa wa Ujerumani, Hans Albers, na muswada aliouandika pamoja na Ernst von Salomon. Peters yuleyule wa Saadani.

Historia inasema nini juu ya Peters? Akiwa kamishna wa Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja aliyekuwa akiishi naye. Habari hiyo ilizua kashfa katika Bunge la Ujerumani, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza katika utumishi wa serikali. Yaani hata Ujerumani ya Kaizari, ambayo haikuwa nchi ya malaika, ilimwona amezidi. Hitler ndiye aliyemsafisha mwaka 1937, Peters akiwa amekwisha kufa.

Filamu ilikuja kuukamilisha usafishaji huo. Peters wa Selpin ni mtu wa maono anayekwamishwa na Waingereza, na warasimu wa Berlin, na afisa aliyechorwa kwa makusudi kama Myahudi mwenye hila. Kunyonga kwake watu kumegeuzwa kuwa ukali wa lazima. Tabia zile tatu za mwongozaji zipo zote, zimekomaa na kuoza. Afrika ni jukwaa. Ugomvi wa maana uko Berlin na London. Na sauti yote ni ya Albers, ambaye mwishoni anasimama mbele ya Bunge kujitetea kwa hotuba.

Mwaka 1934 kulikuwa angalau na Mwingereza mwema, na hilo ndilo lililoiponza filamu ile: vita mpya ilipoanza, mwishoni mwa 1939, wakuu wa Kinazi wenyewe waliipiga marufuku, kwa kuwa Mwingereza rafiki hakufaa tena. Baada ya 1945 washindi nao wakaipiga marufuku kwa sababu ya ujeshi wake. Wapo wanaoitumia marufuku ya kwanza kama ushahidi kwamba ilikuwa filamu ya utu. Labda. Lakini utu wake uliishia kwenye mpaka wa rangi, na utu wenye mpaka wa namna hiyo haukuhitaji kusukumwa sana ili ufike kwenye filamu ya 1941.

Waafrika wengi wanaoonekana nyuma ya Albers walikuwa watu wasio na hiari. Miongoni mwao walikuwamo mateka wa vita weusi waliotolewa kambini. Na Husen yumo, katika nafasi ya Ramasan, mwongoza njia wa Peters. Mtoto wa Dar es Salaam anamwongoza aliyeitwaa Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Agosti 1941, miezi mitano tu baada ya filamu kutoka, Husen alikamatwa na Gestapo kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, kosa ambalo sheria za rangi za Kinazi ziliita uchafuzi wa damu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Selpin naye hakuuona mwisho wa vita. Mwaka 1942, akiongoza Titanic, alitoa maneno ya hasira dhidi ya maofisa wa jeshi. Mwandishi mwenzake, Walter Zerlett-Olfenius, akamshtaki. Alikamatwa, na tarehe 1 Agosti 1942 akakutwa amenyongwa katika seli yake. Silinganishi vifo hivi viwili. Mmoja alikuwa na kamera, mwingine hakuwa nayo. Lakini vinatufundisha kwamba dola inayomwomba msanii amnyime mwenzake sauti haimwahidi kwamba yake itabaki.

Deni linaloendelea

Mtu atasema: filamu za zamani, za Wajerumani, zilizopigwa marufuku mara mbili, zinatuhusu nini leo?

Zinatuhusu kwanza kwa sababu tunazungumza na Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha akiwa Songea kwa yaliyotendeka katika Vita vya Maji Maji. Tangu hapo mazungumzo yamejikita kwenye mabaki ya watu wetu na vitu vilivyo katika makumbusho yao. Ni sahihi. Lakini fuvu na ngoma si vitu pekee vilivyochukuliwa. Nyuso zetu na lugha yetu zilichukuliwa pia, zikafanyiwa kazi ya kutuelezea sisi bila sisi. Filamu hizi, pamoja na mafaili kama lile la madai ya Husen, zinapaswa kuwa kwenye orodha ya mazungumzo: nakala zije, zihifadhiwe nchini, mtafiti asilazimike kuomba viza ili amwone mtu wa Dar es Salaam.

Zinatuhusu pili kwa sababu ya elimu. Wajerumani wenyewe wameanza kazi hii. Mwaka 2007 Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha maisha ya Husen. Mwaka huohuo jiwe la kumbukumbu likawekwa mbele ya nyumba aliyoishi Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf akatengeneza filamu ya maisha yake akitumia vipande vilevile alivyosimama nyuma ya mabega ya wengine. Kwetu Mahjub bin Adam Mohamed hayumo katika vitabu vya sekondari. Mtoro bin Mwinyi Bakari anafahamika kwa wanafunzi wachache wa fasihi na historia. Hilo si kosa la Berlin.

Pendekezo langu ni dogo na linatekelezeka. Bagamoyo ina Taasisi ya Sanaa na Utamaduni inayofundisha vijana wetu kutengeneza filamu. Wapewe filamu hizi mbili wazikate, wazisimamishe, waulize kila fremu: huyu aliyesimama nyuma ni nani, amelipwa nini, angesema nini? Waziweke kando ya utenzi wa Hemedi al-Buhriy na maandishi ya Mtoro. Kisha waandike muswada wao, ambamo mtu wa Saadani anapoletewa karatasi asiyoweza kuisoma, anapewa muda wa kuuliza maswali mbele ya kamera.

Na yule msomi wa darasani mwangu anayesifu nidhamu ya Mjerumani, nitaendelea kumjibu kwa swali lilelile. Mwanajeshi wa miaka kumi aliyejeruhiwa Mahiwa alikwenda Berlin kudai mshahara wake. Nidhamu hiyo ilimlipa lini?